Zamu ya Beseni

Naapa mbele yenu, mkono mmoja juu na mwingine kifuani, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Sijaongeza hata punje ya chumvi. Wapo watakaosema mzee huyu tangu astaafu kazi yake ni kutunga uongo barazani. Hao wana wivu, maana wao wakisimulia jambo hata paka husinzia. Chiriku mwenyewe, aliyenisimulia na kuniruhusu niandike, yupo hai, mama yake yupo, na beseni lipo. Kawaulizeni. Ila malizeni kusoma kwanza.

Jumamosi hiyo mama yake Chiriku alikuwa ameinamia cherehani tangu asubuhi, anamalizia pindo la gauni la binti yake. Gauni lilikuwa la kesho. Kesho, baada ya ibada, wazee wa Fundi Baridi walikuwa wanakuja kumposa Chiriku, na mama mtu, baada ya kukataa, kununa, kukataa tena na kuombewa na kanisa zima, alikuwa amekubali. Alikubali kwa shingo upande, lakini alikubali.

Sasa huyu Chiriku alikuwa msusi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuvizidi. Jina hilo alibandikwa na baba yake alipokuwa mtoto, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Siku moja aliondoka na lori, akapata mwanamke mwingine huko lori lilikolala, na hakurudi tena. Jina aliliacha nyumbani pamoja na viatu vyake vya zamani. Viatu mama alivitupa. Jina likashindikana kutupika.

Na Fundi Baridi? Alikuwa fundi wa majokofu, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Watu walisema kazi imemwingia mwilini. Chiriku ndiye pekee aliyejua kwamba mkono wake una joto.

"Chiriku," mama aliita bila kuinua uso.

"Abee, mama."

"Huyo fundi wako Jumamosi mchana huwa anakwenda wapi?"

"Ana huduma ya kanisa."

"Huduma gani ya mashuka?"

Chiriku aliweka chini kikombe. "Mashuka gani tena?"

Mama alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Mama wa mkaa amemwona, na si mara moja. Anaingia chumba cha uani, nyuma ya karakana ya wale wachomelea mageti. Amekumbatia mashuka masafi, ana beseni, ana sabuni mfukoni. Anajifungia humo. Akitoka, mashuka yamevurugika na shati limemlowa mgongoni. Hebu niambie, mwanangu, huduma hiyo imo katika kitabu gani cha nyimbo?"

Chiriku alitaka kucheka.

"Mama wa mkaa anapenda kukuza mambo."

"Mama wa mkaa ana mdomo mbaya lakini macho anayo mazuri." Mama alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha gauni. "Baba yako naye alikuwa na shughuli zake za Jumamosi. Mimi nilikuwa nampigia pasi mashati ya kwenda huko, mjinga mimi. Kama kuna mwanamke chumbani humo, hakuna kesho. Gauni hili nitalifumua nishonee mito. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kuangalia," alisema Chiriku, na tayari alikuwa mlangoni.

*

Karakana ya mageti ilikuwa inarusha cheche hadi barabarani. Chiriku alipita katikati ya vyuma vilivyoegemezwa ukutani, akatokea uani, penye bomba moja la maji, kamba ya kuanikia nguo na milango ya vyumba vya kupanga. Akasimama nyuma ya geti lililokuwa linasubiri rangi.

Hakusubiri sana. Fundi Baridi alikuja kwa mwendo wake uleule wa mtu asiyefukuzwa. Kwapani mashuka, mkononi beseni la bati lililobonyea ubavu mmoja. Lo, na alikuwa amependeza! Hilo ndilo lililomuuma Chiriku zaidi.

"Yuko wapi?" aliuliza, akijitokeza.

Beseni lilitaka kumponyoka fundi. "Chiriku?"

"Usiniite Chiriku. Yuko wapi huyo mwenye mashuka? Mtoe nimwone. Nataka kumsuka."

Fundi alimtazama. Alikuwa na namna ya kumtazama Chiriku kana kwamba anasikiliza kwa macho, na siku zote mtazamo huo ulimlegeza. Leo ulimtia hofu, maana ndani yake mlikuwa na kitu kizito.

"Afadhali umekuja," alisema taratibu. "Nilipanga nikitoka hapa nije kwako. Humu ndani hakuna mwanamke. Kuna mgonjwa. Ni mzee, amepooza upande mmoja, hana mtu. Sisi watu wa Beseni tunamwogesha na kumbadilishia kitanda."

Chiriku aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu nyumbani. Akacheka, machozi yakamtoka, akampiga fundi begani kwa ngumi isiyo na nguvu.

"Mwanaume wewe! Na ulishindwa nini kuniambia? Mama yangu anataka kufumua gauni!"

Ngoja niwaeleze kuhusu hawa watu wa Beseni. Ni kundi dogo la kanisani, halina sare, halina mwenyekiti, na sikukuu zikifika halisimamishwi mbele kupigiwa makofi. Wanakwenda wawili wawili kwa wagonjwa walioachwa peke yao. Wanaogesha, wanafua, wanakata kucha, wanaondoka. Wana kanuni zao, na moja ni kwamba kinachosikika chumbani kwa mgonjwa hakivuki kizingiti. Mgonjwa haulizwi alikuwa nani wala alifanya nini. Akisimulia mwenyewe, unasikia na unayaacha humohumo. Kutaja hata kwamba una zamu, kwao ni kama kujipigia tarumbeta.

"Chiriku," fundi alisema, "sijamaliza."

Kicheko kilimkauka.

"Mzee huyu alikuwa dereva wa malori. Ana binti. Anamtaja kila tunapomgeuza." Fundi aliikaza mikono kwenye beseni. "Binti huyo anamwita Chiriku."

Karakanani mashine ilinyamaza ghafla, fundi wa vyuma alikuwa anabadilisha waya. Uani pakawa kimya, likasikika tone la bomba peke yake.

"Rudia," alisema Chiriku.

"Umesikia."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza uliponipeleka kwenu. Mama yako alikuita kutoka jikoni kwa sauti, Chiriku, na mimi hadi hapo nilikujua kwa jina la kanisani tu. Kijiko kikaniponyoka."

"Ulisema kina mafuta."

"Nilisema."

Chiriku alirudi nyuma hatua, kisha nyingine, kama mtu anayetaka kuona picha kubwa ukutani. "Umekaa mezani kwetu. Mama yangu anakuongezea chakula kwa mkono wake, wewe unasema asante mama, na mkono wako umetoka kumwosha yule. Yule! Unajua mimi nilikaa dirishani muda gani nikisikiliza malori? Nilikuwa nayatambua kwa honi. Na wewe ulikuwa unajua alipo, unanishika mkono, unaniuliza kama nimekula!"

"Nilikuwa namwomba aniruhusu nikwambie. Kila zamu. Nikimwomba, anageuza uso ukutani. Juzi nilipopita kumjulia hali ndio amesema, mwambie, na akikataa kuja yuko sahihi."

"Na asingesema?"

Fundi alihamishia beseni mkono wa pili.

"Nimekuuliza. Asingesema, ungenioa hivyohivyo? Ungekuja kulala kwangu na kuamka kwangu huku baba yangu yuko mtaa wa pili?"

"Ningechelewesha ndoa," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Sijui. Nimekosea, Chiriku. Nilidhani kunyamaza ni sehemu ya huduma. Sikujiuliza kunyamaza kwangu kunamuumiza nani. Lakini kesho siwezi kukaa mbele ya mama yako, wazee wangu wamevaa makoti, na mimi nimelikalia jambo hili."

"Kwa hiyo unalitua kichwani kwangu."

"Ni baba yako."

"Hana mtoto! Anayetaka mtoto hurudi nyumbani!"

Fundi aliweka beseni chini. "Bwana aliosha miguu hata ya yule aliyejua kabisa kwamba atamuuza."

"Usiniletee hayo!" Sauti ya Chiriku ilipasuka. "Mimi si Bwana. Mimi ni msusi."

Wakasimama hivyo, mtu na mchumba wake, katikati yao beseni la bati. Ungepima umbali wao kwa macho ungesema ni hatua mbili. Chiriku aliuona kama barabara nzima ya malori.

"Waambie wazee wako wasije kesho," alisema hatimaye.

Fundi Baridi alifumba macho, akayafumbua. Hakumbembeleza, hakupiga magoti. Chiriku angekuwa na mahali pa kushikia hasira kama angepiga magoti. Aliinama tu, akaokota beseni.

"Nitawaambia," alisema. "Acha nimwogeshe kwanza. Mwenzangu wa zamu, ambaye hunitangulia kuingia, anaumwa leo, niko peke yangu, nitachelewa kidogo."

Akafungua mlango, akaingia, akaurudishia.

Chiriku alifika hadi kwenye vyuma vya karakana. Hapo akasimama. Nyuma yake, ndani ya chumba, alisikia kitanda kikilalamika, sauti ya fundi ikisema "polepole, mzee, nishike shingoni," halafu kishindo kidogo na mguno. Mguno ule aliujua. Ulikuwa mguno wa mtu anayeshuka kwenye lori baada ya safari ndefu, anayejinyoosha mlangoni kabla hajasema, wako wapi wenyewe?

Alirudi akitembea kwa hasira. Nasema kwa hasira, msije mkadhani alirudi kwa upendo. Alitaka kumtazama yule mtu usoni, amwambie neno moja baya alilokuwa amelitunza tangu utoto, aondoke zake.

*

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, ndoo mbili na dirisha lililozibwa kwa kipande cha kanga. Harufu ilikuwa ya sabuni na ya kile ambacho sabuni ilikuwa inapigana nacho. Kitandani, nusu amegeuzwa, nusu anateleza, fundi amemkumbatia asianguke, alikuwa mzee mwembamba kama mwavuli uliofungwa.

Chiriku alikuwa akimkumbuka mtu aliyejaza mlango. Alitafuta mtu huyo kitandani, akapata masikio tu. Masikio yalikuwa yaleyale.

Mzee alimwona. Upande mmoja wa mdomo ulitikisika.

"Chi..." alisema. "Chiriku."

Lile neno baya lilimfika Chiriku ulimini. Ikawa wakati huohuo mzee anateleza zaidi, na fundi, jasho linamtoka, akasema bila kugeuka, "Shika bega hilo."

Akashika. Mikono haikuuliza ruhusa.

"Sasa mvutie kwako. Shuka chafu tunalikunja hadi mgongoni kwake, safi tunalitandika nyuma yake, halafu anageuka, tunavuta upande wa pili. Mtu mmoja hawezi."

"Naona," alisema Chiriku kwa ukali.

Shuka lilipita chini ya mzee, vidole vyao vikagusana mgongoni pake, Chiriku akavitoa vyake haraka kana kwamba ameungua. Fundi alimwogesha mzee, mguu baada ya mguu, katikati ya vidole, akikausha kwa taulo taratibu, kama anayefuta kioo cha mtu. Chiriku alijaribu kutotazama, akatazama. Mwanaume huyu aliyemficha ukweli alikuwa anamkausha baba yake visigino. Hakujua amchukie kwa lipi kati ya hayo.

Halafu akaona nywele.

"Hiki kichwa nani anakiosha?"

"Tunakipangusa na kitambaa."

"Kitambaa! Hiki ni kichwa au meza?" Alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi. "Lete beseni. Mvute aje ukingoni, shingo ikae hapa. Taulo chini. Si hivyo, utamvunja! Hivi."

Akamwaga maji kwa kikombe, akaanza. Msusi huosha vichwa vya watu asiowajua kutwa nzima, wenye majivuno, wenye madeni ya maneno, wenye kunung'unika, na mikono haibagui. Chiriku alijaribu kujiambia hiki nacho ni kichwa cha mteja. Vidole vikafika nyuma ya sikio, penye kovu dogo, na akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyelitia kovu hilo, kwa mwanasesere wa mti, akiwa amebebwa mabegani.

Machozi ya mzee yalitiririka kuelekea masikioni, yakachanganyika na povu.

"Mwanangu, mimi..."

"Usiseme."

"Nilitaka..."

"Ukisema naondoka. Nyamaza nikuoshe. Funga macho, sabuni itaingia."

Mzee akafunga macho. Fundi, aliyekuwa ameshikilia beseni, alitazama sakafu. Lakini maji ya besenini yakawa yanapiga mawimbi madogo.

Na hapo ndipo mlango ulipolipuka.

Ulipigwa teke moja tu. Bawaba ziliruka, mlango mzima ukalala chini na vumbi likapanda hadi darini, na juu ya mlango ule uliolala akasimama mama yake Chiriku, mwavuli mkononi kama mkuki.

"Toka humo, mwanamke usiye na haya!" alinguruma. "Leo utaniambia nani amekufundisha kulalia mashuka ya..."

Akamwona Chiriku, mikono imejaa povu. Akamwona fundi na beseni. Akashusha macho hadi kwenye kichwa kilicholala ukingoni mwa kitanda.

Tone moja lilianguka besenini, wote wakalisikia.

"Nani huyu?" mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Mama..." Chiriku alianza.

"Sikukuuliza wewe." Akamgeukia fundi. "Wewe. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Mezani kwangu?"

"Mezani kwako."

Mwavuli ulipanda. Chiriku hakupanga kufanya alichofanya. Alijikuta amesimama kati ya mwavuli na Fundi Baridi, povu linamdondoka viwikoni.

"Mama, alikosea, na nimeshamwambia. Kesho nimeshaifuta mwenyewe. Lakini usimpige. Wewe hujaona anavyomwosha."

"Sogea."

"Sisogei."

"Nipige mimi, mama Chiriku," alisema mzee kitandani, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Mimi ndiye."

Mama alimtazama, kuanzia nywele zenye povu hadi kwenye miguu miwili, mmoja umenyooka, mwingine umelala kama si wake.

"Nikupige wapi?" alisema. "Umebaki nini cha kupigwa?" Akashusha mwavuli. "Nilikuwekea chakula, wewe. Nakifunika sahani, nasema lori limechelewa. Kinachacha, namwaga, naweka kingine. Mtoto ananiuliza, mama, baba anakula nini huko? Namwambia anakula. Nimeshona nguo za mji huu hadi macho yameingia ukungu, na kila mwenye nguo ananiuliza, mumeo hajambo? Hajambo! Hajambo! Miaka yote hiyo umenifanya mwongo mbele ya watu wazima!"

"Nakuomba..."

"Usiniombe! Usithubutu. Ukiniomba nitakuvunja hata huo mguu mbovu."

Macho yake, kwa kukosa pa kukaa, yaliangukia kitandani. Mshonaji ni mshonaji hata akiwa amekasirika. Aliona kona ya shuka.

"Nani ametandika hivi?"

Chiriku na fundi waliitazama kona ile.

"Nauliza, hii ni kona au sikio la mbuzi? Mtu asiyeweza kujigeuza mnamlaza juu ya mikunjo? Mnataka ngozi itoke?" Mwavuli ukaegemezwa ukutani. "Nyie Beseni nyie, mnajua kusali tu. Fundi, mwinue begani. Chiriku, maliza hicho kichwa, unamwacha mtu na sabuni, ndivyo nilivyokulea?"

Akavuta shuka. Akalinyoosha kwa kiganja, kiganja kilichopiga pasi nguo za mji mzima, hadi likawa kama karatasi. Alifanya hivyo akinung'unika bila kupumzika, na katika manung'uniko hayo mlikuwa na majina ya wanyama ambayo sitayaandika, maana kitabu hiki kinasomwa na watu wa kanisa. Alipofika miguuni alisimama.

"Sijakusamehe," alisema. "Tusije tukadanganyana. Umenisikia?"

"Nimesikia," alisema mzee.

"Vizuri. Inua mguu."

"Huo hauinuki, mama Chiriku."

Mama alisimama pale, ncha ya shuka mkononi. Chiriku alimwona akiuma mdomo wa chini.

"Basi tulia," alisema.

Akauinua mwenyewe, kwa mikono miwili, akapitisha shuka chini yake, akaulaza tena. Aliulaza polepole kuliko ilivyohitajika. Na juu ya shuka lile jeupe, karibu na kisigino, likaanguka tone moja ambalo halikutoka besenini.

*

Nje, bombani, Chiriku na Fundi Baridi walifua mashuka machafu. Hakuna aliyekuwa amemtuma mwenzake. Walipofika kwenye kukamua, kila mmoja alishika ncha yake, wakaanza kusokota, huyu kulia, yule kushoto. Shuka likisokotwa linafupika, na likifupika waliolishika wanasogeleana, watake wasitake.

"Bado nina hasira," alisema Chiriku.

"Najua."

"Usiseme unajua. Hujui. Nikilala itaniamsha."

"Sawa. Sijui."

Maji yalichuruzika kati ya miguu yao.

"Kuna vyumba vingine kama hiki?"

"Vipo."

"Utaniambia ya humo?"

Fundi alisita. Hapa, wapenzi wasomaji, mwanaume mwerevu angesema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo mara tatu. Mchumba amefuta posa, anakupa upenyo, unasema ndiyo halafu utajua mbele ya safari.

"Hapana," alisema Fundi Baridi. "Ya kwako na ya kwenu, sitakuficha tena, hata mgonjwa akinililia. Nitakwenda kwa mlezi wetu wa kanisani nimwambie sitakubali kuwekewa siri ya namna hiyo. Lakini ya wagonjwa wengine siwezi kukupa. Hata ukiwa mke wangu."

Chiriku alisokota kwa nguvu. Shuka likafupika tena. Sasa aliweza kuziona kope za fundi, zimelowa, na hakuweza kujua kama ni maji ya bomba.

"Kwa hiyo nitakaa nyumbani Jumamosi, mume wangu anatoka na mashuka, na mama wa mkaa ananipa habari."

"Ndivyo."

"Sikubali."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Zamu zenu ni za watu wawili, si ndio?" Chiriku aliendelea. "Na kinachosikika chumbani kinabaki na waliokuwa chumbani. Basi niandikeni. Nitakuwa chumbani. Kwanza nyie hamjui kuosha vichwa, hamwoni haya?"

Fundi Baridi aliinua uso. Mtu huyu aliyesifika kwa baridi alikuwa anawaka kama jiko.

"Na kesho?" aliuliza, kwa sauti iliyokaribia kutotoka.

Ngumi zao zilikuwa zimekutana katikati ya shuka, hakuna kilichobaki cha kusokota. Chiriku hakuziondoa zake.

"Kesho waje," alisema. "Na wakichelewa mama atawafungia mlango."

"Chiriku!" ikalia sauti kutoka ndani. "Maji ya moto! Na huyo fundi aache kushika mikono ya watu, ashike ndoo!"

*

Nilipomaliza sura hii niliwasomea watu wa Beseni wenyewe, baada ya kufua, nikitazamia sifa. Mama yake Chiriku alisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Mzee," alisema, "mlango gani nilioupiga teke? Mlango ulikuwa wazi. Nilibisha hodi."

"Bawaba..." nilijitetea.

"Bawaba ziko palepale, nenda ukazitazame. Na uliapa mwanzoni, tumekusikia wote."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kisha wakanihukumu. Mashuka yote ya Jumamosi ile, ya wagonjwa wote, niliyafua peke yangu, na kiuno changu hiki cha kustaafu kilinung'unika kuliko wagonjwa. Mama Chiriku alikuja kukagua kona moja moja.

"Na lile tone," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Lile la kwenye kisigino. Nalo ulifute. Mimi sikulia."

Nimelipa deni la mlango, tena kwa mikono yangu. Lile tone silifuti.